Nimechoka kuchezea mifumo endeshi, sasa nataka mmoja nisioufikiria. Wazoefu mnatumia upi?

#1 Nguzo

Wakuu, salamu.

Nimetumia kompyuta muda mrefu. Nimekompaili kerneli (kiini cha mfumo) kwa mkono, nimeandika skripti za kuwasha mfumo, nimekaa na distro (matoleo ya Linux ya wasambazaji mbalimbali) ambazo ukikosea mstari mmoja unakesha. Hamu hiyo imeisha. Nataka mfumo wa mashine yangu ya mezani ambao utawaka, utafungua kivinjari, taminali, kihariri na faili zangu, halafu utakaa kimya. Apdeti zije, ila zisiniguse nilichozoea.

Dai langu: mtumiaji mzoefu anahitaji mfumo usiobadilika kuliko hata mgeni. Mgeni bado hana mazoea, kwa hiyo menyu ikihamishwa anajifunza upya na maisha yanaendelea. Mzoefu ana mikato yake ya kibodi, skripti zake, mpangilio wake wa dirisha, na kila badiliko linavunja mojawapo. Ndiyo maana naelekea Debian Stable, distro ya Linux isiyobadilika haraka, na Xfce, eneokazi jepesi. Nipingeni kwa hoja, ushabiki tuuache nje.

Windows naiondoa mapema ili tusipoteze muda. Windows 10 ilifungiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yangu haimo kwenye orodha ya Windows 11.

#2 jongoo_sh

Naunga mkono hoja. Debian 13 ilitoka Agosti 2025. Toleo jipya huja kila miaka miwili hivi, kila toleo lina msaada kamili wa miaka mitatu, na LTS (msaada wa muda mrefu) inaongeza miwili. Miaka mitano mtu hugusi kitu. Uzi ufungwe.

#3 MamaKerneli

Usifunge mapema mdogo wangu, watu hawajaingia.

Kama kinachotakiwa ni urahisi wa kweli, hakuna anayeifikia Slackware, distro nyingine ya Linux. Patrick Volkerding aliitoa 1993 na mpaka leo anaiongoza yeye. Unataka huduma ya kuchapisha iwake mashine ikiwaka? Unaipa faili ya `/etc/rc.d/rc.cups` ruhusa ya kutekelezwa kwa `chmod +x`. Huitaki? `chmod -x`. Yamekwisha. Na faili yenyewe ni skripti ya sheli, unaisoma juu mpaka chini na kuielewa yote. Mimi naamini mfumo unaotegemeka ni ule ambao ukigoma saa nane usiku unajua pa kuweka kidole.

#4 Pwaguzi

Mama heshima yako, lakini Slackware 14.2 ilitoka 2016 na 15.0 ikaja 2022. Miaka sita! Na kisimamizi chake cha programu hakifuatilii vitegemezi (programu ambazo programu nyingine inazihitaji). Nguzo kasema hataki kukesha tena, wewe unampelekea godoro sebuleni.

Debian nayo ina shida yake: ukimaliza kusakinisha, waifai haipo, unaanza kutafuta fimwea zisizo huria (programu za ndani ya vifaa) kwa flashi.

#5 MamaKerneli

Pwaguzi, katika miaka hiyo sita viraka vya usalama vya 14.2 viliendelea kutoka. Kilichokosekana ni mabadiliko, na mabadiliko ndiyo Nguzo anayoyakimbia. Kuhusu vitegemezi: ukisakinisha Slackware nzima kama inavyoshauriwa, karibu kila kitu kimo tayari. Tabu inaanza ukiongeza vya nje.

#6 Tarakimu

Pwaguzi, hiyo ya fimwea ni habari ya zamani. Debian walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 fimwea zisizo huria zimo ndani ya faili rasmi ya usakinishaji. Inatambua kifaa na kuweka kinachohitajika yenyewe.

Ila jibu langu kwa Nguzo si Debian. Ni OpenBSD, mfumo wa ukoo wa Unix usio Linux, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanadhani ni ya seva tu.

Usakinishaji wake ni maswali machache ya maandishi, na kwa karibu yote unabonyeza Enter. Ukimaliza unao mfumo mmoja ulioandikwa na kundi moja: kerneli, amri za msingi, ukuta wa moto, mazingira ya X (yanayochora madirisha), nyaraka, vyote vinatoka pamoja. Linux huwezi kuisema hivyo, kule kerneli inatoka huku, maktaba kule, kiwashi kwingine, na msambazaji ndiye anayeunganisha. Viraka unaweka kwa `syspatch`, toleo jipya kwa `sysupgrade`, programu kwa `pkg_add -u`. Amri tatu. Huduma unazotaka ziwake zinaandikwa kwenye `/etc/rc.conf.local`, na faili yangu mimi inaenea kwenye skrini bila kusogeza.

Na nyaraka! Andika `man` na jina la chochote, hata la draiva ya waifai, utapata ukurasa ulioandikwa na watu wanaojali, unaolingana na toleo ulilonalo. Sihitaji kutafuta kwenye mtandao jibu la mwaka gani sijui la distro gani sijui. Kwangu hilo ndilo linalonifanya nilale usingizi.

Jambo moja la kuzoea: Firefox kule imefungwa kwa `pledge` na `unveil`, vizuizi vya kile programu inachoruhusiwa kugusa. Ukitaka kupandisha picha kutoka folda yako ya nyaraka haioni kitu, inaona `~/Downloads` tu. Wengi wanadhani imeharibika. Imefanywa makusudi, ili kivinjari kikidukuliwa kisifikie funguo zako za SSH (za kuingilia mashine nyingine).

#7 kisanduku

Tarakimu umeeleza vizuri, ila malizia. OpenBSD inatoa toleo kila miezi sita na kila toleo linahudumiwa mwaka mmoja. Kwa mtu anayetaka kusahau mfumo wake, hiyo ni kazi ya lazima kila mwaka. Bluetooth hakuna tangu walipoitoa 2014. Na mfumo wake wa faili hauna jarida (kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea): umeme ukikatika ghafla, unakaa unasubiri `fsck` ipite diski nzima, na mara nyingine inakuuliza maswali.

#8 Tarakimu

Yote kweli. `sysupgrade` lakini si kazi, inapakua, inajiwasha upya, inamaliza. Umeme ndiyo hoja nzito. Mimi natumia laptopu, betri inanisitiri.

#9 FundiMitambo

Ninyi mnajadili programu, mimi nimetengeneza mashine za watu muda mrefu na nasema hivi: malalamiko mengi ya "mfumo hautegemeki" ni ya vifaa.

Ofisini kwetu kulikuwa na mashine moja inaganda kila baada ya siku chache. Ikabadilishwa distro, ikaganda tena. Wakaweka Windows, ikaja na skrini ya bluu. Watu wakagawanyika kambi mbili, kila kambi ina ushahidi. Nikaiacha na Memtest86+, kipima RAM, usiku kucha, asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. Kipande kimoja cha RAM. Kilipotolewa, mashine ikatulia na mfumo uleule waliokuwa wanautukana.

Nguzo, kabla ya kuchagua chochote: pima RAM, soma hali ya diski kwa `smartctl -a`, na angalia kadi ya michoro ni ya aina gani. Kama draiva yake imo ndani ya kerneli, nusu ya matatizo umeyaruka. Kama ni draiva iliyofungwa, inayopaswa kujengwa upya kila kerneli inapobadilika, basi hata Debian itakusumbua.

#10 Nguzo

Shukrani Fundi. RAM nitaipima leo. Kadi ya michoro ni ile iliyomo ndani ya prosesa, Intel.

#11 FundiMitambo

Basi umeshapona nusu.

#12 chaki_nyeupe

Nathibitisha #9 upande wa kadi ya michoro. Mashine yangu ya kazi ina kadi ya draiva iliyofungwa. Apdeti ya kerneli ikapita, moduli ya draiva ikashindwa kujijenga, nikawasha asubuhi nina kikao: skrini nyeusi, kishale kinapepesa kona ya juu kushoto. Ctrl+Alt+F3 ikanipa taminali, kwa hiyo mfumo ulikuwa hai, ni picha tu haikuwepo. Nikawasha upya, kwenye menyu ya GRUB (kiwashi) nikaingia chaguo za ziada, nikachagua kerneli ya nyuma, kazi ikaendelea.

Tangu hapo nina msimamo: distro isiyokubakizia kerneli ya zamani usiiweke kwenye mashine ya kazi.

#13 kisanduku

chaki_nyeupe umefika kwenye hoja yangu mwenyewe bila kujua.

Mnahangaika kutafuta mfumo usiovunjika. Haupo. Kila mfumo utavunjika siku yake, cha kuuliza ni dakika ngapi unarudi ulipokuwa jana. FreeBSD, ndugu wa OpenBSD, ikiwa juu ya mfumo wa faili wa ZFS, unaandika `bectl create kabla-ya-apdeti`, unasasisha, ikiharibika unachagua mazingira ya zamani kwenye menyu ya kuwashia, umerudi na mfumo mzima, siyo kerneli tu. openSUSE wanafanya hivyo kwa mfumo wa faili wa Btrfs na zana ya Snapper, snapushoti (nakala ya hali ya mfumo) inajichukua kila unapoweka programu. Fedora Silverblue sehemu ya mfumo haiandikiki kabisa, apdeti inakuja kama picha nzima na ile ya zamani inabaki pembeni.

Mzoefu anayetegemea kwamba "haitavunjika" anacheza bahati nasibu.

#14 MamaKerneli

Na huo ndio urahisi? Mfumo wa faili wenye tabaka tano, menyu ya snapushoti, picha za mfumo, kontena za programu. Umeondoa tatizo moja la wazi ukaweka mashine ndogo ya kulificha. Siku hiyo Btrfs yenyewe ikilalamika, `bectl` yako itakusaidia nini?

#15 kisanduku

Mama, `bectl` ni ya ZFS, ya FreeBSD. Btrfs ni huko Linux.

ZFS ina ugumu ndani, sikatai. Ila inaweka hesabu ya ukaguzi kwa kila kipande cha data, kwa hiyo diski ikianza kudanganya inakwambia. ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, inakagua muundo wake tu, picha zako zikioza polepole hutajua mpaka uzifungue. Mimi nachagua ugumu unaonilinda.

#16 MamaKerneli

Nimepokea sahihisho la `bectl`. Hoja yangu iko palepale.

#17 jongoo_sh

Tumetoka mbali kweli. Jamani, Debian Stable haivunjiki. Mnatatua tatizo lisilokuwepo.

#18 Pwaguzi

Usiseme "haivunjiki" mkuu. Desemba 2023, toleo la 12.3 liliahirishwa kwa sababu kerneli 6.1.64 ilikuwa na kasoro inayoweza kuharibu data kwenye ext4. Wakairuka wakatoa 12.4. Na wazee wanaikumbuka 2008, ilipogundulika kwamba kiraka cha Debian kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, kilikuwa kimedhoofisha funguo tangu 2006. Miaka karibu miwili watu wanatengeneza funguo zinazokisika.

#19 jongoo_sh

Ya 12.3 inaonesha walivyo makini! Walisimamisha toleo na kutangaza wazi watu wasisasishe. Ni wangapi wanafanya hivyo?

Ya 2008 sina utetezi.

#20 mshale_mweusi

Natumia Arch, distro inayosasishwa mfululizo. Mfumo wangu ni ule ule tangu nilipousakinisha, sijawahi kuanza upya. Sina siku ya kuhama toleo, kwa sababu toleo halipo. Mabadiliko yanakuja kidogo kidogo na ninayaona. Ninyi mnayarundika miaka miwili halafu mnayala yote siku moja, kisha mnasema yanauma.

#21 Pwaguzi

Tulikuwa tunakusubiri, tukashangaa mbona mpaka #20 hujafika.

Agosti 2022 GRUB ilisasishwa, baadhi ya mashine za Arch na watoto wake zikashindwa kuwaka. Na paketi za xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 zenye mlango wa nyuma, Machi 2024, ziliwafikia ninyi. Debian Stable hazikuifikia. Kwa hiyo mlidukuliwa.

#22 mshale_mweusi

Sahihisha hapo. Paketi hizo zilitufikia, kweli. Lakini mlango ule ulikuwa unapitia `sshd` (huduma ya kuingia kwa SSH) iliyounganishwa na liblzma (maktaba ya xz) kupitia maktaba ya systemd (kiendesha huduma), kwa kiraka ambacho baadhi ya distro huongeza. Arch haiongezi kiraka hicho, `sshd` yetu haikugusa liblzma. Isitoshe, aliyeugundua, Andres Freund, alikuwa kwenye Debian Sid, tawi la vipya, akishangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Bila watu wa mbele wanaotumia vipya, hicho kitu kingewafikia ninyi wa Stable mkiwa mmelala.

#23 Tarakimu

#22 yuko sahihi kuhusu `sshd`. Na hoja ya mwisho ni nzito, Stable inalindwa na watu wasioitumia.

#24 upepo_wa_kusi

Samahani nachelewa. Mbona hakuna aliyetaja Linux Mint? Mnaiona ya wageni, lakini soma tena #1: iwake, ikae kimya, isibadilishe sura. Cinnamon, eneokazi lake, ya leo ukimwonesha mtu aliyeiacha miaka mingi nyuma ataitumia bila kuuliza swali. Timeshift, ya kuchukua snapushoti, imo tayari, kwa hiyo hoja ya kisanduku imejibiwa bila ZFS. Tangu Mint 20 wamezuia snapd (ya paketi za Snap za Ubuntu) isijiingize yenyewe. Na ukiogopa kutegemea Ubuntu, ambayo Mint imejengwa juu yake, kuna LMDE, ambayo iko juu ya Debian moja kwa moja.

Mimi ni msimamizi wa seva, mchana kutwa natatua mifumo ya watu. Nikirudi kwenye mashine yangu sitaki kuthibitisha chochote kwa mtu. Wazoefu wengi wanaikataa Mint kwa aibu tu, na aibu si kigezo cha uhandisi.

#25 jongoo_sh

LMDE ni Debian iliyovaa vizuri, kwa hiyo bado nimeshinda.

#26 chaki_nyeupe

upepo_wa_kusi nakubali kasoro jambo moja. Timeshift kwa kawaida inalinda mfumo, folda yako ya nyumbani inaachwa. Watu wanaiona inachukua snapushoti kila siku wanadhani wana bakapu. Diski ikifa, snapushoti zilizomo ndani yake zimekufa nayo.

#27 upepo_wa_kusi

Sahihi kabisa. Bakapu ni diski nyingine.

#28 ganda_la_kaa

Mac je? Haitaki kusakinishwa, vifaa na mfumo vinatoka kwa mtengenezaji mmoja, kama Tarakimu alivyoisifu OpenBSD.

#29 kisanduku

Ni kweli vimeshonwa pamoja. Ila wanaoamua lini mashine yako imezeeka si wewe. Wametangaza kuwa macOS 26 ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Na sura hubadilika kila mwaka upende usipende, ambayo ni kinyume cha #1.

#30 FundiMitambo

Kwenye kuzeeka hapo, angalizo kwa wenye mashine za biti 32: Debian 13 haina tena kisakinishi cha i386. OpenBSD bado inazihudumia.

#31 Nguzo

Wakuu, nimesoma yote. RAM imepita kipimo. Mrejesho mfupi.

Hoja ya snapushoti imenigusa kuliko nilivyotarajia, na #14 ya Mama nayo imenigusa, na hizo mbili haziishi nyumba moja. Naona pia kwamba kila mtu hapa anatetea kitu tofauti. Mama anataka kuuelewa mfumo wote kichwani. kisanduku anataka kurudi nyuma haraka. jongoo anataka muda mrefu bila kuguswa. mshale anataka aone kila badiliko likiingia. Fundi anasema tunapima kitu kisichostahili kupimwa. Mimi nilidhani navitaka vyote.

Nina diski mbili. Moja nitaweka Debian 13 na Xfce, nyingine OpenBSD, nikae nazo kwa kazi halisi.

Swali: Xfce na Wayland, mrithi wa X, zimefikia wapi? Sitaki kuchagua eneokazi ambalo litanilazimisha kuhama katikati ya njia.

#32 Tarakimu

Xfce 4.20 ya Desemba 2024 ilianza kuleta Wayland kwa majaribio. Kwenye Debian 13 utaitumia na X11 (ndiyo X) na haitakusumbua kwa uhai wote wa toleo hilo. OpenBSD wana X yao, Xenocara, wanaitunza wenyewe.

#33 mshale_mweusi

X11 inatunzwa na wachache kila mwaka unaopita. Ukiichagua leo kwa sababu ya utulivu, unasogeza mbele uhamaji wako. Miaka mitano ya jongoo itaisha na utahama kwa mkupuo.

#34 MamaKerneli

Na katika miaka mitano hiyo atakuwa amefanya kazi yake. X nimeambiwa inakufa tangu Wayland ilipoanza 2008.

#35 Pwaguzi

Nguzo, ukishaweka Debian, fanya jambo moja: fungua `/etc/apt/sources.list.d` kila baada ya muda uone kuna nini. Debian nyingi "zilizovunjika" nilizoitwa kuangalia zilikuwa na repo (hazina za programu) za nje zimerundikana, nyingine za toleo lingine kabisa, hata za Ubuntu. Mtu kaweka moja apate kihariri kipya, nyingine apate draiva, mwisho apt, kisimamizi cha programu cha Debian, haijui imfuate nani. Ukitaka programu mpya tumia backports (programu mpya zilizoandaliwa kwa Stable) au Flatpak (programu zinazokaa kando ya mfumo), mfumo wa chini uuache.

#36 kisanduku

Na wakati wa kugawa diski chagua Btrfs. Huna cha kupoteza.

#37 MamaKerneli

ext4.

#38 jongoo_sh

ext4, na `/home` kwenye patisheni yake. Pia kwenye mashine ya zamani endesha `apt-mark showmanual` uhifadhi orodha, itakuonesha programu ulizoweka wewe mwenyewe. Utashangaa ngapi huzihitaji.

#39 Nguzo

Mashine ya zamani si ya apt, ni distro nyingine. Kuna amri inayolingana na hiyo kwenye pacman, ile ya Arch?

#40 mshale_mweusi

Kumbe mwenzetu! `pacman -Qqe`. Ukiongeza `t`, yaani `-Qqet`, inaacha zile zinazohitajiwa na programu nyingine. Na kabla hujaondoka, sema kilichokuvunjikia ni nini, maana hapo juu hukutaja.